Maji ya Njano ya Granlöf

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya mbao za kupakulia mizigo, nyuma ya karakana ya Granlöf ya kupaka vyuma kromu, pale Hillebo, huko Småland, Uswidi, upande ambao jua la Oktoba linafika saa tatu na nusu asubuhi na kuondoka kabla halijamkausha mtu. Saa tatu na nusu kamili wastaafu wanatokea, kila mmoja na njia yake. Wanachukua vikombe vyao vilivyotundikwa chini ya paa, vyote vimepakwa kromu humohumo ndani mpaka unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu, wanabonyeza chupa kubwa ya kahawa, na kesi inaanza. Wameshahukumu hapo mawaziri watatu, daktari wa meno mmoja, na timu nzima ya mpira wa magongo. Lakini juma lile kesi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imekaa ndani ya pipa: lita elfu moja za maji ya njano yaliyogoma kuwa safi. Siku ya kisa hiki, saa nane mchana, mama wa mkoa, mkaguzi wa mazingira, alikuwa anakuja kwa mara ya tatu na ya mwisho. Barua yake ilishasema wazi: akiyakuta maji bado machafu, laini ya kromu inapigwa lakiri, na karakana isiyo na kromu pale Hillebo ni banda tu.

Hilding Rydvall, ambaye Hillebo nzima inamwita Nikeli, ndiye aliyekaa kwanza, kwenye kona yake, akanyoosha goti bovu. Miaka hamsini alichovya vyuma humo ndani. Mabomba ya bafuni, vitasa, taa za baiskeli, vinaingia vyeusi vinatoka vinang'aa. Alistaafu kwa keki na hotuba, na kesho yake saa tatu na nusu akarudi kunywa kahawa, na hajaacha mpaka leo. Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya soga. Tova Granlöf, mwenye karakana, alikuwa mwanafunzi wake tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na huo mtambo wa kusafisha maji kwa umeme waliujenga wawili, Tova na mchoro aliopewa na mtu wa chuo kikuu, Hilding na mikono yake. Mtambo ulishindwa Agosti. Ukashindwa Septemba. Jana waliuwasha mchana kutwa na maji yakatoka na unjano wake vilevile. Aliyeumia kuliko wote ni Hilding, maana kazi yake haijawahi kurudishwa na mteja hata mmoja.

— Mnajua nani katuletea balaa hili? alianza Börje. Ni sisi wenyewe. Ubahili wetu.

Huyu ni Börje Tangi, aliyeendesha lori la maji machafu miaka ishirini na miwili na mpaka leo anakaa benchini kama kashika usukani, ugoro umemjaa chini ya mdomo.

— Ubahili umeingiaje hapo? aliuliza Hilding.

— Kwingine wanasuuza vyuma kwa maji tele, maji yanatoka mepesi, wanayapeleka kituo cha wilaya, yamekwisha. Sisi watu wa Småland bwana, maji yaleyale tunayasuuzia wiki nzima. Yanazidi makali, yanazidi makali, mpaka yamekuwa rojo. Sasa nani atayataka?

— Tulipewa cheti kwa kuokoa maji.

— Cheti kiko ukutani, Nikeli. Maji yako pipani. Kituo cha wilaya kimeyaonja mara moja tu kikasema msituletee tena.

— Hayakuonjwa. Yalipimwa.

— We jua tu yamekataliwa. Hata ningekuwa na lori langu leo, ningeyapeleka wapi? Hakuna pa kuyapeleka. Yafie hapa au karakana ifie hapa.

Wa tatu wao, Egon, alikuwa anapuliza kahawa yake taratibu. Wanamwita Askofu, ingawa uaskofu wake ni kupiga kinanda kwenye kanisa dogo la kilimani na kuongea kama anabariki.

— Mimi jana nilipita ndani kuuangalia huo mtambo, alisema Askofu. Shida sio mtambo. Shida ni umeme.

— Umeme una nini?

— Siku hizi unatoka wapi? Kule mlimani kwenye mapangaboi. Umeme wa upepo. Huo ni umeme mwepesi, ndugu zangu. Kuwasha taa unaweza, kupasha chakula unaweza, lakini kazi nzito kama hii ulitaka umeme wa maporomoko ya maji, ule wa zamani, wenye uzito.

— Umeme hauna uzito, alisema Hilding.

— Basi mbona umeshindwa?

Hilding akajimiminia kahawa, na kijiweni ukikimbilia kahawa umeshaliwa.

— Mimi naona sio umeme, alisema Börje. Ni chuma. Yale mabamba mmeyanunua wapi?

— Yametoka kwa muuza vyuma, mazuri tu, nimeyachagua mwenyewe.

— Na yeye kayatoa wapi? Kwenye magari mabovu. Wanayayeyusha, wanayapiga bapa. Sasa chuma kilichokuwa gari miaka kumi na tano, kimezoea barabara, leo unakizamisha kwenye pipa unakiambia tulia hapo. Kitatulia? Mimi mwenyewe nilikuwa dereva na sikutulia.

— Börje, hiyo chai.

— Chai gani, nimekunywa kahawa tupu tangu nije.

Askofu alicheka mpaka kikombe kikamwagika, kisha akarudi palepale.

— Au maji yenyewe yamezeeka, alisema. Kuna kromu humo tangu enzi za marehemu mama yake Tova. Imeishi hapa, imezoea hapa. We unakuja na waya unaifukuza. Ungekuwa wewe ungetoka?

— Mimi nisingetoka, alisema Börje.

— Umeona.

— Lakini kuna jambo lingine hamlitaji, aliendelea Börje, akaishusha sauti ingawa uani hakukuwa na mtu mwingine. Juma hili ni juma la elki. Msitu mzima umejaa wawindaji, na kila mwindaji ana mbwa, na kila mbwa kavaa mkanda wa shingoni unaoongea na setilaiti. Mbwa mia mbili. Sasa hebu fikirieni hayo mawimbi yote yanapita hapa juu, yanakatiza kwenye mtambo. Umeme utajuaje uende wapi?

— Agosti hakukuwa na mbwa msituni, alisema Hilding.

— Walikuwa mazoezini.

Hata Hilding alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka. Kweli lilikuwa juma la elki. Wafanyakazi wote kumi na mmoja walikuwa msituni na bunduki zao wakingoja mnyama mwenye pembe pana kama sepetu, kama baba zao walivyofanya, na mkoa ulilijua hilo vizuri ulipopanga tarehe. Jumatatu watarudi kazini na nyama mgongoni wakute lakiri mlangoni. Hilo la tarehe lilimkera kuliko barua yenyewe.

— Wanadhani tukiwa wachache tutakuwa wapole, alisema.

— Wamekosea namba, alisema Askofu. Sisi tukiwa watatu ndio wabaya zaidi.

Mlango wa nyuma ukafunguka akatoka Tova, mwanamke wa miaka arobaini na moja, buti za mpira, ovaroli lenye madoa ya njano magotini. Hakusalimia. Alijimiminia kahawa akainywa nusu akiwa amesimama.

— Wamenipigia sasa hivi, alisema. Mama wa mkoa mwenyewe. Anasema kama nikifunga kwa hiari kabla ya saa nane, kwenye karatasi itakaa vizuri zaidi.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia hiari yangu ni kufungua.

— Hapo sawa, alisema Börje, akagonga kikombe chake kwenye ubao.

— Akaniuliza, Bi Granlöf, una uhakika gani kwamba leo itakuwa tofauti? Nimwambie nini? Nimebadili chumvi, nimepandisha umeme, nimeshusha umeme, nimesogeza mabamba yakakaribiana. Nikiwasha, mshale wa ampea unapanda vizuri, halafu unaanza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anachoka. Maji machafu kama haya yanapitisha umeme vizuri sana, mtu wa chuo kasema, yanavyozidi ukali ndivyo umeme unavyoyapenda. Sasa nini kinauchosha?

— Mashine inaunguruma chini, alisema Askofu. Siku ya kwanza iliimba juu, jana ilikuwa inaguna. Kinanda changu kikiguna hivyo ujue kuna bomba limeziba.

— Askofu, hiki sio kinanda, alisema Hilding kwa ukali kuliko alivyokusudia.

— Haya. Nimesema tu.

Tova alikaa kwenye ukingo wa ubao, karibu na Hilding. Alikuwa na hasira iliyochanganyika na uchovu.

— Mzee Hilding, unakijua kile kijito pale nyuma ya kanisa?

— Nakijua.

— Nilipokuwa na miaka sita nilimuuliza mama mbona kijito ni cha njano. Akaniambia ni jua, mwanangu. Nikaamini miaka mingi. Hakuwa mtu mbaya, wote walikuwa wanafanya hivyo, mabeseni yanafunguliwa Ijumaa jioni na Jumatatu hakuna anayeuliza. Lakini mimi sitamwambia mtu ni jua. Uchafu wetu tutaumaliza hapahapa, na karakana haifungwi. Vyote viwili. Wakija na lakiri yao wataipiga juu ya mkono wangu.

Börje aliyekuwa na dhana nyingine mdomoni aliimeza pamoja na kahawa. Hilding alitamani amshike yule binti bega kama zamani alipounguza trei nzima ya vitasa, lakini mkono haukwenda. Alikuwa anaogopa. Alikuwa na miaka sabini na minne na alikuwa anaogopa kwamba yote aliyomfundisha yalikuwa ya dunia iliyokwisha.

— Lete bamba moja nje, alisema. Tuliangalie kwenye mwanga. Humo ndani taa zinadanganya.

Tova aliingia, akarudi akilibeba kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye fremu ya mbao mbele ya benchi. Lilikuwa bamba la chuma la upande wa chanya, urefu wa mlango wa kabati, na lilikuwa limevaa mfuko mweupe wa kitambaa kigumu kuanzia juu mpaka chini, umeshonwa pembeni kwa mshono wa kurudia, umefungwa kamba shingoni. Mfuko ulikuwa umevimba na kupiga rangi ya kutu.

— Mfuko wa tatu huu tangu Agosti, alisema Tova. Unajaa haraka mno.

— Ndio kazi yake kujaa, alisema Hilding. Mshono umeshika?

— Umeshika vizuri.

— Nimeshona kwa cherehani ya mke wangu Majlis, uzi mara mbili. Hautoki hata chembe.

Kila mchovyaji anaujua mfuko ule. Bamba la chanya likiliwa na umeme linaacha vumbi na matope, na vumbi likigusa kitasa unachokipaka, kitasa kinatoka na vipele kama uso wa kijana. Ndiyo maana bamba halizami bila mfuko. Ni jambo la kwanza Hilding alilofundishwa alipoingia pale akiwa na miaka kumi na saba, na ni jambo la kwanza alilomfundisha Tova. Mchoro wa yule mtu wa chuo haukuwa na mifuko, na siku walipouona walicheka sana wote wawili. Wasomi bwana, alisema Hilding siku ile, wamesahau hata mifuko.

Wakati huo ikaingia baiskeli ya posta uani, na mpanda baiskeli mgeni kabisa, mwanamke wa miaka kama thelathini, shavu jekundu kwa baridi.

— Habari za asubuhi wazee. Barua za Granlöf ni hapa?

— Ni hapa, alisema Tova. Yule wa zamani yuko wapi?

— Yuko msituni kuwinda. Mimi ni wa muda. Naitwa Jorunn.

Hiyo lafudhi. Börje alikuwa keshageuka mzimamzima kwenye benchi.

— Wewe ni Mnorwei.

— Ndiyo.

— Askofu, tumeletewa Mnorwei. Dada, kweli kwenu mnapanda ngazi kwenda dukani kwa sababu mlisikia bei imepanda?

— Hiyo kwetu tunaisema juu yenu, alisema Jorunn. Kuna kahawa?

Wakampa kahawa, maana kumnyima mtu kahawa Hillebo ni kosa kubwa kuliko kuwa Mnorwei. Kwenye sahani kulikuwa na andazi moja la iliki la mwisho. Lilikuwa limekaa hapo peke yake kwa robo saa na hakuna aliyelitazama, kwa sababu la mwisho haliliwi. Mtu akizidiwa sana na njaa analikata nusu, wa pili anaikata ile nusu, mpaka inabaki chembe ambayo ndege anaikuta mchana. Jorunn akalichukua zima akaling'ata katikati. Askofu alifumba macho.

— Tamu hili, alisema Jorunn. Na hilo dude ni nini?

— Hilo ni bamba la chuma, alisema Tova.

— La nini?

— La kusafisha maji machafu. Mzee Hilding atakueleza, ndiye mwalimu hapa.

Hilding alijiweka sawa. Alipenda kueleza, na baada ya asubuhi ile alihitaji kueleza kitu anachokijua.

— Sikiliza binti. Humo ndani tuna maji yenye kromu, sumu mbaya, imeyeyuka humo huoni kitu zaidi ya ule unjano. Huwezi kuichuja, inapita na maji. Sasa tunazamisha mabamba ya chuma, tunapitisha umeme. Umeme unalila bamba. Chuma kinamegeka kidogokidogo, kinaingia kwenye maji, kinaikamata kromu, vinashikana, vinakuwa tope zito. Tope linazama chini. Juu yanabaki maji safi.

— Kwa hiyo chuma ndicho kinachofanya kazi.

— Hasa. Chuma ndiye polisi.

— Na huo mfuko?

— Huo ni wa kuzuia chuma kisiingie kwenye maji.

Jorunn alitafuna. Alimeza. Alilitazama bamba, akamtazama Hilding, bila dharau yoyote, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

— Sasa kiingie au kisiingie?

Huyu Börje, aliyekuwa na jibu la mbwa mia mbili na la gari lililogeuka bamba, aliutoa ugoro mdomoni akautazama. Askofu alikitazama kikombe chake. Tova alisimama kama amepigwa kofi na mtu asiyemwona. Jorunn akadhani ameuliza jambo la kijinga.

— Samahani, mimi si mtu wa mambo haya. Nimeuliza tu, alisema. Akaweka barua kwenye ubao, akashukuru kwa kahawa, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Masikio ya Hilding yaliwaka moto. Aliyaona yote kwa mara moja: chuma kinatoka kwenye bamba kama kilivyotakiwa, kinaukuta mfuko wake, uzi mara mbili, hautoki hata chembe, kinajirundika humo ndani kinauziba, na umeme unachoka, na kromu iko nje inaogelea bila wa kuikamata. Agosti. Septemba. Jana. Mara tatu amemfunga polisi ndani ya gunia akashangaa kwa nini mwizi hakamatwi. Na kwa sekunde moja, nitasema ukweli, alitafuta uongo. Angeweza kusema mifuko ilikuwa ya kitambaa kibaya. Angeweza kusema ni majaribio. Wale wawili benchini wangemwamini, maana wameshaamini mabaya zaidi.

— Nipeni kisu, alisema.

Börje alimpa kile chake cha kukatia kamba. Hilding alipiga magoti mbele ya bamba, goti bovu likalalamika, akauchana mshono wake mwenyewe kuanzia juu. Tope la kahawia lilianguka kwenye simenti kwa uzito.

— Mzee Hilding, alisema Tova. Hata mimi sikuona. Mtambo ni wangu, mchoro ninao mimi. Miezi mitatu naupita huo mfuko na sikuona.

— Nilikufundisha usiuone. Usinifariji, muda hatuna. Bado mabamba saba.

Waliingia wote wanne. Börje akashika mabamba, Askofu akamwagia maji, Hilding akachana, Tova akarudisha moja moja kwenye pipa, yakiwa uchi, na kila bamba lililozama bila mfuko mikono ya Hilding ilijisikia imefanya kitendo cha aibu. Saa nne na nusu Tova akasukuma swichi. Mashine ilianza kuunguruma, Askofu akainua kidole.

— Imepanda, alisema.

Mshale wa ampea ulipanda ukakaa. Wakausubiri ushuke. Haukushuka. Mapovu madogo yakaanza kuja juu, na ule unjano uliowachezea tangu Agosti ukaanza kuchafuka, ukawa kama majani mabichi, kisha kijani cheusi, kisha pipa zima likawa tope linalozunguka, baya kulitazama. Mtu asiyejua angesema wameliharibu. Hilding alivuta ndoo akaigeuza akaikalia, akakataa kuondoka. Börje alimletea kahawa humohumo ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea, kahawa ni ya benchini. Saa sita na robo Tova alizima umeme, na tope likaanza kushuka. Lilishuka polepole mno. Walilitazama, na juu kabisa, upana wa kidole, kisha wa kiganja, maji yakaonekana. Unaweza kuona ukuta wa pipa upande wa pili.

Mama wa mkoa alifika saa nane kasoro dakika mbili, koti la mvua, mkoba wa chupa, na lakiri ndani ya bahasha aliyoishika mkononi wazi, hakuificha. Hakuwa mtu mkali. Aliwasalimu wote kwa majina kama anavyosalimia mtu aliyekuja msibani. Kisha akayaona maji.

— Haya ndiyo yaleyale?

— Yaleyale, alisema Tova.

— Hamkuyachanganya na ya bombani?

— Dada, alisema Börje, sisi ni watu wa Småland. Maji ya bombani tunayamwaga vipi humo?

Yule mama alichota kwa kichupa kidogo, akaweka matone yake, akakitikisa, akakiinua dirishani. Kama kromu ipo, kichupa kinageuka zambarau, na Agosti kiligeuka kabla hajamaliza kutikisa. Alitazama saa yake. Dakika ilipita. Akatikisa tena, dakika nyingine ikapita, na kichupa kilikuwa vilevile, cheupe kama alivyokichota. Tova alikuwa ameshika ukingo wa pipa kwa mikono miwili na vidole vimekuwa vyeupe.

— Nachukua chupa mbili za maabara, alisema yule mama mwisho. Majibu ya kweli yatatoka huko. Lakini kwa nilichokiona, sina cha kufunga leo.

Akairudisha bahasha kwenye mkoba. Askofu alikaa chini ghafla kwenye boksi la vitasa. Tova alicheka mara moja, kicheko kikavu, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akasema hata mkoa ungeipiga hiyo lakiri yeye angeikata na kesho wangemkuta kazini, na yule mama akajifanya hakusikia. Alikuwa ametoa fomu, ameiweka juu ya kifuniko cha pipa.

— Hapa wanataka chanzo cha hitilafu ya mara mbili zilizopita. Niandike nini? Hitilafu ya mtambo?

— Andika hivyo, alisema Tova haraka. Hitilafu ya mtambo.

— Mtambo haukuwa na kosa, alisema Hilding.

— Mzee Hilding, acha. Haina haja.

— Mtambo haukuwa na kosa hata siku moja, na mchoro wa yule mtu wa chuo haukuwa na kosa. Ukiandika mtambo, kesho karakana nyingine yenye maji kama haya itasoma hapo iseme ahaa, mitambo hii haifanyi kazi, na wao watafunga. Andika kwamba mabamba yalivishwa mifuko. Na andika nani aliyavisha. Hilding Rydvall, mchovyaji, miaka hamsini.

— Jina la mtu haliingii hapo, mzee. Fomu haina nafasi hiyo.

— Kalamu unayo. Andika pembeni.

Yule mama alimtazama Tova, kama anayeomba msaada. Tova alikuwa anamtazama Hilding, na macho yake yamejaa tena.

— Mwandike, alisema. Ni mwalimu wangu.

Kalamu ikaanza kutembea pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo. Hilding alisogea mpaka akawa begani kwa yule mama, mikono mgongoni, akasimama hapo kwa goti lake bovu mpaka alipoona jina lake limeandikwa lote.